Kama kukumini haiingii kwenye damu, mbona goti langu limepungua?

#1 Gotibovu
Wakuu salaam.

Nina goti la kulia lililosagika gegedu. Si uzee, ni mpira wa ujanani na uzito wa sasa. Nimeishi na diklofenaki, dawa ya maumivu, muda mrefu mpaka tumbo likagoma. Daktari akanihamishia kwenye ile ya kupaka, nami kwa kiherehere changu nikaongeza vidonge vya kukumini, ile njano inayotolewa kwenye manjano. Sasa goti limetulia. Asubuhi nainuka bila kushika ukuta, na kule kujaa maji kumepungua kwa macho.

Tatizo limeanza nilipojitia kusoma. Huku naambiwa kukumini karibu yote inaishia chooni, ukimeza gramu nzima kwenye damu inaonekana kwa taabu. Kule naambiwa inazima uvimbe kwa njia lukuki, na wanaosema ni wanasayansi walewale. Nani mwongo hapa, goti au maabara? Naomba maelezo, mahubiri nimeshasikia ya kutosha.

#2 Ngoja_Waje
Natandika mkeka. Wajuzi wanakuja.

#3 BintiMaabara
Hakuna mwongo. Kila upande umepima kitu chake.

Uvimbe unaoutaja una alama nne zilizoandikwa tangu enzi za Celsus wa Roma: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Chini yake kuna kemia. Kimeng'enya cha COX kinatengeneza prostaglandini, ambazo zinapanua mishipa midogo na kuifanya mishipa ya fahamu iwe na hasira. Juu yake kuna swichi inaitwa NF-kB, iliyogunduliwa 1986. Ikiwashwa, seli za kinga zinaanza kumwaga kemikali za kuchochea uvimbe, TNF na IL-6, na kuzalisha COX-2 (aina moja ya COX) zaidi. Ukisoma kwamba mmea fulani "unapambana na inflamesheni", mara nyingi maana yake ni kwamba umegusa mojawapo ya hizo.

Sasa umegusaje? Nimefanya kazi hiyo, nawaambia inavyokwenda. Unachukua seli za kinga za panya, maarufu zinaitwa RAW 264.7. Unazichokoza kwa kipande cha ukuta wa bakteria, zinakasirika. Unamwagia ekstrakti ya mmea wako, halafu unapima kama TNF imeshuka. Na mara nyingi mno itashuka, majani yoyote utakayoleta. Wakati mwingine imeshuka kwa sababu seli zimekufa, na seli mfu haitoi TNF. Asiyepima uhai wa seli kwanza anaandika makala nzuri kabisa kuhusu sumu.

Tatizo la pili ni kiwango. Kwenye sahani tunatumia mikromola (kipimo cha ukolezi) 10, 20, hata 50. Kwenye damu ya mtu aliyemeza kukumini unapata sehemu ndogo sana ya hiyo, maana ukuta wa utumbo na ini wanaipokea kama mgeni asiye na kadi ya mwaliko: wanaibandika glukuronidi au salfeti na kuisindikiza nje. Kwa hiyo makala za njia lukuki ni za kweli kwenye sahani. Goti lako haliko kwenye sahani.

#4 Mkereketwa_Mizizi
Dada umeeleza vizuri, ila mnapenda kudogosha mimea. Aspirini ilitoka wapi? Ni gome la mwerebi tu lililotiwa kwenye kopo na kupewa jina la kizungu. Wahenga walijua, maabara ikaja kuthibitisha. Na kukumini itafika huko huko.

#5 Profesa_Uchwara
Hapo #4 umeruka karne nzima ya kazi. Twende taratibu.

1763: kasisi Edward Stone wa Uingereza anaiandikia Royal Society kwamba amewapa watu wapatao hamsini unga wa gome la mwerebi. Kwa ajili ya homa, si viungo. 1828 Buchner kule Munich anatenga salisini, unga mchungu. 1838 Piria anapata asidi ya salisili. 1876 MacLagan anatumia salisini kwa homa ya baridi yabisi. Asidi yenyewe ilifanya kazi ila ilichoma tumbo na watu waliichukia. Kumbe 1853 Gerhardt alikuwa ameshaibandika kundi la asetili, kipande kidogo cha kemikali, na hakuna aliyejali. 1897 Hoffmann wa kampuni ya Bayer anaitengeneza ikiwa safi, 1899 inaingia sokoni. (Kuna wanaosema aliyeongoza kazi ile ni Eichengrün na jina lake likafutwa kwa sababu alikuwa Myahudi. Ni mjadala wa haki, ila una uzi wake.)

Hilo kundi la asetili ndilo kila kitu. Aspirini inalihamishia kwenye kimeng'enya cha COX na kukifunga moja kwa moja, hakifunguki. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, haziwezi kutengeneza kingine, kwa hiyo zinabaki zimelemazwa maisha yao yote, siku 7 hadi 10. Salisini ya kwenye gome haina asetili, haiwezi kufanya hivyo. Aliyekuja kueleza jinsi aspirini inavyozuia prostaglandini ni John Vane, 1971, akapata Nobel 1982 pamoja na Bergström na Samuelsson. Gome lilitoa wazo. Dawa ilitengenezwa.

#6 Mkereketwa_Mizizi
Profesa unajua tarehe kuliko kalenda, hongera. Basi nieleze na hili. Kuna jaribio la 2000 la watu wenye maumivu ya mgongo, walipewa ekstrakti ya gome yenye miligramu 240 za salisini kwa siku. Walipata nafuu kuliko waliopewa dawa bandia. Na kipimo hicho hicho kilipochunguzwa, salisilati (ndicho salisini inachogeuka mwilini) iliyofika kwenye damu ilikuwa kidogo, kama mtu kameza aspirini ndogo ya kulinda moyo tu. Haitoshi kuua maumivu ya mgongo. Nafuu ilitoka wapi kama si kwenye vitu vingine vya kwenye gome? Kuna poliphenoli mle, kuna tanini. Mmea ni kikosi, nyinyi mnatoa askari mmoja mnampima peke yake, akishindwa mnasema jeshi zima halifai.

#7 Kipimo_Kwanza
Swali zuri #6, na jibu lako ni moja tu kati ya majibu kadhaa.

Mimi naanza na goti la mwenye uzi. Maumivu ya goti lililosagika hayatulii mahali pamoja, yanapanda, yanashuka. Mtu anaanza dawa mpya lini? Siku yamepanda. Baada ya hapo yangeshuka hata kama angemeza chaki. Ongeza na matarajio: kwenye majaribio ya magoti, kundi la dawa bandia hupata nafuu kubwa tu, na sindano bandia hushinda kidonge bandia. Sisemi goti linajifanya. Nasema nafuu ni ya kweli, sababu ndiyo haijathibitishwa.

Mfano: utafiti wa Thailand, 2014, watu 367. Nusu walipewa ekstrakti ya manjano miligramu 1,500 kwa siku, nusu ibuprofeni 1,200, wiki nne. Maumivu yakapungua karibu sawasawa, na waliomeza manjano walilalamikia tumbo kidogo kuliko wenzao. Watu wakashangilia: manjano sawa na ibuprofeni! Lakini hakukuwa na kundi la dawa bandia. Kama wote walipungukiwa kwa sababu wiki nne zimepita, utajuaje?

#8 Gotibovu
Kipimo_Kwanza nakuheshimu ila chaki siimezi. Ningekubali kwenye maumivu, hayo yako kichwani kwa sehemu. Maji ya kwenye goti je? Nayo yana matarajio?

#9 Kipimo_Kwanza
Uliyapima?

#10 Gotibovu
Kwa jicho.

#11 Ngoja_Waje
Jicho la mwenye goti 😂

#12 Kipimo_Kwanza
Basi sikia, na hili nadhani litakuudhi wewe na Profesa kwa pamoja. Australia, jarida la Annals of Internal Medicine, 2020. Watu 70 wenye goti lililosagika na maji yanayoonekana kwa picha. Nusu ekstrakti ya manjano, nusu dawa bandia, wiki 12, hakuna anayejua anameza nini. Matokeo: waliomeza manjano maumivu yalipungua zaidi. Lakini picha za MRI zilionyesha maji ya kwenye goti hayakutofautiana na ya kundi la dawa bandia.

Yaani maumivu yamepungua na uvimbe uko palepale. Kama kazi ya kukumini ni kuzima uvimbe, hiyo nafuu ilipitia mlango gani?

#13 Profesa_Uchwara
Jaribio dogo, na tofauti ya maumivu haikuwa kubwa. Ila nakubali ni safi kuliko mengi. Mapitio ya Journal of Medicinal Chemistry ya 2017 yalikuwa makali zaidi: kukumini haitulii kwenye maji ya kawaida, inavunjika, inang'aa yenyewe na kuvuruga vipimo vinavyotegemea mwanga, inang'ang'ania protini yoyote. Kwa mkemia hiyo ni molekuli tapeli. Inaonekana imefanya kazi kila mahali kwa sababu inaharibu vipimo kila mahali.

#14 Mkereketwa_Mizizi
Molekuli tapeli! Mkishindwa kuelewa kitu mnakitukana.

Na mmesahau pilipili manga. Piperini inaongeza kukumini kwenye damu kwa asilimia 2,000. Vidonge vingi vya siku hizi vina piperini. Suala la kutoingia kwenye damu limekwisha.

#15 BintiMaabara
Halijakwisha. Hiyo 2,000 inatoka kwenye utafiti mdogo wa 1998: gramu 2 za kukumini pamoja na miligramu 20 za piperini. Bila piperini damu ya wale watu ilikuwa na kiasi kisichopimika au kidogo mno. Mara ishirini ya karibu na sifuri bado ni kidogo, na ilishuka haraka.

Halafu jiulize piperini inafanyaje. Inavizuia vimeng'enya vya utumbo na ini vinavyofukuza kemikali ngeni, CYP3A4 ikiwemo, na P-glikoprotini, pampu inayozisukuma nje ya seli. Vimeng'enya hivyo ndivyo vinavyoshughulikia dawa zako nyingine za hospitali. Ukiwalaza walinzi kwa ajili ya kukumini, hawalali kwa ajili yake peke yake.

#16 Jongo_Sugu
Mimi si msomi ila nina ushahidi wa mguu. Nina jongo. Kidole gumba kikiwaka hata shuka likigusa nalia. Dawa yangu ni kolkisini, nayo inatoka kwenye ua, Colchicum autumnale. Inafanya kazi, tena haraka, na hakuna wa kuniambia ni matarajio. Kwa hiyo mimea inaweza. Tatizo si mimea.

Ila na mimi niliambiwa na daktari tangu siku ya kwanza: kidonge hiki ukizidisha kinaua, na hakuna dawa ya kuisafisha. Umbali kati ya dozi inayotibu na inayokupeleka kaburini ni mfupi. Wakati mwingine tumbo langu huharisha hata kwenye dozi sahihi.

#17 Profesa_Uchwara
#16 ameleta mfano bora wa uzi mzima na hajui.

Kolkisini ilitengwa 1820 na Pelletier na Caventou. Haigusi COX kabisa. Inashika tubulini, protini inayojenga mifupa midogo ya ndani ya seli. Seli nyeupe za damu zikikosa hiyo haziwezi kutembea kwenda kwenye kiungo chenye fuwele za asidi ya yuriki. Zamani watu walipewa dozi kila saa mpaka waharishe. 2010 jaribio moja likaonyesha miligramu 1.8 ndani ya saa moja zinatosha sawa na 4.8 ndani ya saa sita, tena bila mateso yale. 2023 Marekani wakaidhinisha miligramu 0.5 kwa siku kwa wagonjwa wa mishipa ya moyo, kwa sababu uvimbe unahusika na mafuta yanayoganda kwenye mishipa.

Ona tofauti: molekuli moja, shabaha moja inayojulikana, dozi inayopimwa kwa nusu miligramu. Huwezi kupata hiyo kwa kutafuna kiazi cha ua. Kiazi kimoja kina nyingi, kingine kina kidogo, na wewe ndiye mizani.

Jongo, usiichanganye na antibaiotiki ya klarithromaisini. Watu wamekufa kwa mchanganyiko huo.

#18 Jongo_Sugu
Nimeiandika hiyo. Ahsante.

#19 Nesi_Zamu
Nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyeuliza swali ambalo sisi wodini tunaanza nalo. Gotibovu, ndani ya kidonge chako kuna nini?

Namaanisha kilichomo, si lebo. Mwaka 2022 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa maonyo kuhusu vidonge vya "asili" vya maungio vilivyokutwa na deksamethasoni (steroidi kali) na diklofenaki ambazo hazikuandikwa popote. Nimeuguza mtu wa namna hiyo. Alikuja anasifu mizizi, maumivu yameisha, hamu ya kula imerudi. Uso umekuwa wa duara, sukari imepanda, ngozi ya mkono inachubuka kwa kuguswa. Alipoacha ghafla akaanguka, presha chini, kwa sababu tezi zake zilikuwa zimeshaacha kutengeneza kotisoli, steroidi ya mwili wenyewe. Ile haikuwa mizizi.

Kwa hiyo kabla ya NF-kB na mikromola, maelezo mepesi kuliko yote ni kwamba kidonge kinachofanya kazi vizuri mno kina dawa ya hospitali ndani yake.

#20 Ngoja_Waje
Gotibovu hebu tuma picha ya uso tukague uduara.

#21 Gotibovu
Uso wangu ulikuwa wa duara tangu kuzaliwa, hautakuwa ushahidi.

Nesi, chupa ina namba ya toleo na jina la maabara iliyopima. Sijui kama inatosha. Na nilipoacha kwa muda niliposafiri sikuanguka, goti tu lilirudi kulalamika kidogo. Kidogo, Kipimo_Kwanza, usianze.

#22 Mkereketwa_Mizizi
Nesi kachekesha bila kujua. Anaogopa steroidi kwenye mizizi, steroidi zenyewe zilitoka kwenye mizizi! Viazi vikuu vya mwituni vya Mexico.

#23 Profesa_Uchwara
Nusu kweli. Kotisoni, steroidi iliyomnyanyua mgonjwa wa kwanza wa baridi yabisi mikononi mwa daktari Hench 1948, ilitengenezwa kutokana na asidi za nyongo ya wanyama, kwa hatua nyingi na gharama ya kutisha. Viazi vikuu, Dioscorea, vinatoa diosjenini, ambayo Russell Marker alikuwa ameshaigeuza homoni ya projesteroni miaka ya 1940. 1952 wanakemia wa kampuni ya Upjohn wakampa fangasi aina ya Rhizopus ile projesteroni, akaongeza oksijeni mahali panapotakiwa, na njia ya kotisoni rahisi ikafunguka. Ukila kiazi chenyewe hupati kotisoni. Mwili wako hauna kimeng'enya cha kugeuza diosjenini.

#24 Mkereketwa_Mizizi
Kila mara "nusu kweli". Nitajiita Nusu_Kweli.

#25 Utumbo_Wangu
Naomba kuingiza jambo. Wote mnachukulia kwamba dawa lazima iingie kwenye damu ndipo ifanye kazi. Kwa nini? Kukumini karibu yote inabaki utumbo mpana. Huko kuna trilioni za bakteria, wanaila na kuigeuza kuwa vitu vingine, mfano tetrahidrokukumini. Utumbo ndiko seli nyingi za kinga zinakaa. Ukibadilisha bakteria, ukikaza ukuta wa utumbo, sumu za bakteria zinazovuja kuingia kwenye damu zinapungua, na mwili mzima unapoa. Kwa mtazamo huu kutofyonzwa si kasoro. Ndiyo kazi yenyewe.

Ingeeleza pia kwa nini mtu mmoja anapona na jirani yake hapati kitu: bakteria zao hazifanani.

#26 BintiMaabara
Napenda wazo hili na ninaliogopa. Linaweza kueleza matokeo yoyote. Mtu akipona, bakteria, asipopona, bakteria. Nipe matokeo ambayo yakitokea utakubali kuliacha.

#27 Utumbo_Wangu
Ukiwapa antibaiotiki wakapoteza bakteria na nafuu ikabaki vilevile, naliacha.

#28 BintiMaabara
Sawa, hilo ni jibu la mtu anayefikiri.

#29 Pilipili_Kichaa
Mnaacha njia ya fahamu. Kipimo_Kwanza kauliza maumivu yamepitia mlango gani kama maji yalibaki. Mlango upo na una jina.

Kapsaisini ya pilipili inashika kipokezi cha TRPV1 kwenye mishipa ya maumivu. David Julius alikitambua 1997, Nobel 2021. Ukikiwasha sana, mshipa unachoka na kunyamaza. Ndiyo maana kuna bandiko la ngozi lenye kapsaisini asilimia 8 kwa maumivu ya mishipa. Hapo hujagusa uvimbe hata kidogo. Tangawizi ina jinjeroli na shogaoli, ndugu wa karibu kabisa wa kapsaisini kimaumbile, na kukumini si wa mbali. Huenda tunachokiita kuzuia uvimbe ni kunyamazisha kengele tu.

Kisa kingine. Mwaka 2005 Beauchamp na wenzake waliandika ndani ya Nature kwamba mafuta ya zeituni mabichi yanakereketa koo vilevile kama ibuprofeni ya maji. Wakaifuata ile kereketo, wakapata molekuli wakaiita oleokanthali, na kweli ikazuia COX. Kitu kikali mdomoni kilikuwa dalili. Ila kwa hesabu yao, mafuta ya siku nzima yanakupa kama sehemu ya kumi ya dozi ya ibuprofeni, kwa hiyo msikimbilie chupa.

#30 Mkereketwa_Mizizi
Huyu ndiye mtu wa kukaa naye.

#31 Mwenye_Magamba
Naongeza upande wa ukali. Mimi nina soriasisi, ugonjwa wa ngozi kutoa magamba. Kuna mmea unaitwa Fumaria officinalis, asidi ya fumari imepata jina kutokana nao. Mwaka 1959 mkemia Mjerumani, Schweckendiek, mwenye soriasisi kama mimi, alijijaribia mwenyewe asidi hiyo na viini vyake. Leo dimethili fumarati ni dawa ya soriasisi, na tangu 2013 inatumika Marekani kwa ugonjwa wa neva wa MS.

Inafanyaje? Mojawapo ya maelezo ni kwamba inazichokoza seli. Inagusa protini ya Keap1, inayoishikilia nyingine iitwayo Nrf2. Nrf2 inaachiwa, na seli inawasha ulinzi wake yenyewe. Yaani si dawa ya kutuliza, ni kero ndogo inayomwamsha mlinzi. Kukumini nayo inagusa Keap1. Kama ndivyo, huhitaji kiwango kikubwa kwenye damu, unahitaji kero ya kutosha mahali fulani.

Kwangu mimi ilinipa uso mwekundu na tumbo kuvurugika miezi ya mwanzo, magamba yakapungua. Seli nyeupe za damu zinapimwa kila mara kwa sababu zinaweza kushuka sana.

#32 Profesa_Uchwara
Kwa kuwa tumefika kwa waliojijaribia: Roger Altounyan, daktari mwenye pumu, kule Uingereza. Kampuni ilikuwa inabadilishabadilisha khelini, kemikali ya mmea wa Ammi visnaga. Yeye alikuwa anavuta vumbi la manyoya ya nguruwe-guinea ili apate shambulio kwa makusudi, halafu anapima kemikali mpya imemlinda kiasi gani. 1965 wakapata kromoglikati, dawa ya kukinga pumu. Khelini yenyewe ilikuwa inatapisha watu.

Na tazameni kinachojirudia tangu mwerebi: mmea unatoa kichwa cha habari, kisha mtu anaibadilisha molekuli.

#33 Mkereketwa_Mizizi
Isipokuwa kolkisini. Haikubadilishwa hata atomu moja. Na kapsaisini. Nusu kweli, Profesa 😎

#34 Ngoja_Waje
Kapigwa na rungu lake mwenyewe. Endeleeni.

#35 Profesa_Uchwara
Hazikubadilishwa, zilipimwa. Ndicho nilichosema #17.

#36 BintiMaabara
Mkereketwa ana hoja, ila hoja yake ya kikosi (#6) ina bei. Ukitaka mmea mzima, lazima ukubali kwamba mmea mzima haufanani mara mbili. Unga wa manjano una kukumini asilimia 3 hivi, mwingine chini zaidi. Na unga wenyewe unachezewa: utafiti uliochapishwa 2019 kule Bangladesh ulikuta manjano yaliyotiwa kromati ya risasi ili yang'ae. Risasi haizimi uvimbe wa mtu.

Kinyume chake kipo pia. Tripterygium wilfordii, mmea wa Uchina, una triptolidi. Jaribio la 2009 Marekani kwa baridi yabisi, ekstrakti yake iliishinda sulfasalazini, dawa ya hospitali, ingawa watu wengi wa pande zote mbili waliacha njiani. Ni dawa kali kweli. Inapunguza mbegu za kiume, ikitayarishwa vibaya inaua. Mimea yenye nguvu kweli inafanana na kolkisini ya Jongo: inatibu na inatisha. Ule usiotisha kwa dozi yoyote, mimi naanza kuwa na wasiwasi kama unafanya chochote.

#37 Nesi_Zamu
Manjano nayo isiwekwe kwenye kundi la wasiotisha. Marekani kuna mtandao unaofuatilia maini yaliyoumizwa na dawa, umeripoti wagonjwa wa vidonge vya manjano walioingia hospitali macho ya njano. Wengi wao walikuwa na jeni moja, HLA-B*35:01, na kuna waliotumia zile zenye piperini. Ni wachache ukilinganisha na wanaomeza. Gotibovu, mkojo ukiwa mweusi au mwili ukiwasha, acha siku hiyohiyo na upime ini. Na kama unameza dawa ya kuzuia damu kuganda, daktari ajue.

#38 Kipimo_Kwanza
Gotibovu, kuna njia ya kujua, angalau kwa goti lako. Mtu wa nyumbani akupangie chupa mbili, moja kukumini, moja unga mtupu kwenye ganda lilelile. Usijue ipi ni ipi. Wiki kadhaa hii, wiki kadhaa ile, kisha rudia. Kila jioni andika maumivu, na upime mzunguko wa goti kwa utepe, si kwa jicho.

#39 Gotibovu
Goti limelala, nyie mnataka niliamshe kwa ajili ya uzi. Mwenzangu naye nimemsomea, anasema akinipangia chupa atanipa unga mtupu mwaka mzima aone nitalalamika lini.

#40 Utumbo_Wangu
Huyo ndiye mtafiti wa kweli humu.

#41 Ngoja_Waje
Haya, nimekaa vya kutosha, na mimi niulize. Mama yangu ana presha. Kifua kilimsumbua, akapewa vidonge vya mizizi ya likorisi "vya kutuliza uvimbe wa koo". Anavipenda. Presha imeanza kupanda ingawa dawa zake anameza. Kuna uhusiano au natafuta mchawi?

#42 Nesi_Zamu
Mchawi umempata. Likorisi ina glisirizini. Inazuia kimeng'enya kinachoilinda figo dhidi ya kotisoli, figo inashika chumvi na maji na kutupa potasiamu. Presha inapanda, misuli inalegea, moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Aviache, na apimwe potasiamu wiki hii, hasa kama dawa yake ya presha ni ya kukojoza.

#43 Mkereketwa_Mizizi
Kuna ya likorisi iliyoondolewa glisirizini. Hiyo haina shida hiyo.

#44 Profesa_Uchwara
Kweli kabisa. Ila inayodhaniwa kutuliza uvimbe, kwa sehemu kubwa, ni hiyohiyo glisirizini.

#45 Ngoja_Waje
Chupa imeandikwa "mizizi asilia" tu, hakuna namba wala kiasi.

#46 Nesi_Zamu
Basi mpeleke mama kliniki na chupa yake mkononi, pamoja na dawa zote za presha anazomeza.